Ukitaka kumlalamikia afisa ustawi wa jamii, tenga kwanza uamuzi na mwenendo

Watu wanaonijia hapa Ngamiani, Tanga, wakiwa na hasira na afisa ustawi wa jamii mara nyingi huja na barua iliyokwisha kuchapwa stationari, kurasa tatu au nne, na inaanzia siku ya harusi. Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea, na barua za namna hiyo nimezisoma sana. Nyingi hazifiki popote. Walioziandika si waongo. Tatizo ni kwamba wamepika mambo mawili chungu kimoja: uamuzi wasioupenda, na mwenendo mbaya wa aliyeutoa.

Uamuzi una njia yake. Baba akija kulalamika kwamba afisa kampendelea mwanamke kwa kumwachia mtoto wa miaka minne, namweleza kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 zote zinaanza na dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 ni heri akae na mama yake, hadi pawepo sababu ya kuonyesha vinginevyo. Kama sababu anazo, azipeleke mahakama ya watoto. Mkurugenzi wa halmashauri hana mamlaka ya kumkabidhi mtoto. Afisa anaweza kufuata sheria neno kwa neno na bado mtu akatoka ofisini analia.

Mwenendo ni pale afisa anapotoa siri yako, anapokutukana, anaposikiliza upande mmoja na kuufukuza wa pili, anaposhika shauri la ndugu yake bila kujitoa, au anapoomba chochote. Hayo ndiyo ya kumwandikia mwajiri wake.

Dada mmoja mwenye shauri la matunzo ya watoto (ameniruhusu nilieleze, na vya kumtambulisha nimevibadilisha) alikuja na barua inayosema afisa "amenidhalilisha sana na hafai kuwa kazini". Nikamwuliza alidhalilishwaje. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Shangazi, alinitaja mbele ya mawifi zangu." Alikuwa amemweleza afisa kwa siri kwamba anatumia dawa za kufubaza virusi, akaomba lisitajwe kikaoni. Afisa akalitamka nje, kwenye benchi la kusubiria, watu wamekaa. Katika kurasa zake zote jambo hilo halikuwamo. Aliona haya kuliandika, akajaza visa vya mume badala yake.

Tuliiandika upya, ukurasa mmoja. YAH: MALALAMIKO KUHUSU MWENENDO WA AFISA USTAWI WA JAMII. Siku, saa, mahali. Maneno aliyoyasema, kama yalivyotoka kinywani mwake, isipokuwa pale penye ugonjwa tuliandika "taarifa ya afya yangu niliyompa kwa siri". Huhitaji kuitangaza tena siri yako ili ulalamike kwamba imetangazwa. Hilo utalieleza kwa mdomo ukiitwa. Na siri ya namna hiyo inalindwa na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008, tukaitaja. Kisha majina ya waliosikia. Mwisho ombi: uchunguzi ufanyike, na faili lake lipewe afisa mwingine.

Ombi hilo la mwisho naliwekea mkazo, kwa sababu linagusa hofu kubwa kuliko zote. Watu hunyamaza wakiamini faili lao litalaliwa, na mtoto ndiye atakayekosa. Usiache faili lako mikononi mwa mtu unayemlalamikia. Liombe lihamishwe katika barua ileile. Yule dada faili lake lilihamishwa, na afisa akatakiwa kujieleza kwa maandishi. Matunzo yalibaki kuwa shauri la mahakama, kama ilivyopasa.

Barua ipeleke masjala, yaani ofisi inayopokea na kutunza barua na mafaili, nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Ukiambiwa "acha tu, tutamfikishia", subiri muhuri. Na iende kwa mkurugenzi, kupitia mkuu wa idara. Nimeona barua zenye nakala kwa mkuu wa wilaya, mkuu wa mkoa na waziri siku hiyohiyo, na kila ofisi ikadhani nyingine inashughulikia. Uliza pia mkataba wa huduma kwa mteja wa ofisi hiyo, uone malalamiko yanajibiwa ndani ya siku ngapi, ili ujue lini urudi kuulizia.

Afisa akiombwa kujieleza si kwamba amekwisha kuhukumiwa. Mtumishi wa umma ana haki ya kujitetea, na huenda ukaitwa kurudia maneno yako mbele ya kamati. Andika yale tu utakayoweza kuyarudia akiwa anakutazama.

Akiomba fedha, usilipe kwanza ndipo ulalamike. Piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, 113, ni bure. Akiomba mwili wako, hilo nalo ni rushwa, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Halmashauri ikikaa kimya, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ila haigusi jambo lililoko mahakamani. Ndiyo sababu nyingine ya kutenga mawili yale mapema.

Tafadhali, usirushe picha ya mtoto wala habari zake kwenye makundi ya WhatsApp ili kumwaibisha afisa. Afisa atahamishwa kituo. Mtoto atabaki na darasa lake hapahapa.

Halafu watakuja wazee. Mji wetu ni mdogo, afisa atapata mjomba wako au jirani wa kumtuma, jioni, kwa maneno mazuri, na mkononi ana karatasi ya wewe kusaini kwamba uliandika kwa hasira na hayakutokea. Wapokee kwa heshima. Ukitaka kusamehe, samehe. Karatasi ile usiisaini. Andika yako mwenyewe: "Nimemsamehe, na niliyoyaeleza katika barua yangu ya awali ni ya kweli," uipeleke masjala, nakala mbili, muhuri.