Kamera mikokoni: kwa wanaoanza kuhesabu mimea na kaa

Ninawaandikia vijana wanaokuja Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, kwa mafunzo ya vitendo, ambao wamekabidhiwa kamera na fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50 wakaambiwa wapime mimea na wanyama wasio na uti wa mgongo, mikokoni na kwenye uwanda wa chumvi ulio nyuma ya mikoko. Ukiitazama kwa mbali, kazi ni nyepesi: unalaza fremu, unapiga picha kutoka juu, unasogea hatua kumi, unarudia. Uzito wake huuona jioni, unapofungua picha 60 za tope linalofanana na hujui ipi ilipigwa wapi.

Hayo yalinipata siku yangu ya kwanza. Namba za vituo nilikuwa nimeziandika daftarini, lakini ndani ya picha hapakuwa na alama yoyote, na saa ya kamera sikuwa nimeirekebisha tangu itoke dukani, hivyo hata muda haukunifaa. Ilibidi tungoje bamvua lingine, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, wiki mbili kamili. Tangu hapo silazi fremu bila kibao cheupe cha plastiki kilichoandikwa kituo, namba ya fremu, tarehe na saa, tena kwa penseli, kwa kuwa wino huchujuka kwa maji ya chumvi na jasho.

Maji ya bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huku kwetu hupwa sana kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Wakati huo ni mzuri kwa miguu na mbaya kwa picha, kwa sababu jua limeshapanda na tope bichi linang'aa kama kioo. Beba mwavuli mkubwa, mwenzako aushike hadi kivuli kifunike fremu yote; fremu iliyo nusu juani na nusu kivulini haisomeki upande wowote. Kamera ielekee chini wima, kwani ukiinamisha kidogo tu, mimea ya upande wa mbali huonekana midogo na hesabu hupinda.

Kwa mimea, ninachora juu ya picha nukta 100 zilizopangwa kumi kwa kumi, kisha ninahesabu zilizoangukia kila aina: nukta 37 zikiangukia Sesuvium portulacastrum, basi umefunika takriban asilimia 37 ya fremu. Mmea huu hutambaa uwandani ukiwa na majani manene ya kijani, lakini chumvi na jua vikiuzidi hugeuka mwekundu, na nimewaona wanafunzi wakiuandika kuwa aina mbili. Miche nayo inahitaji picha ya pili ya karibu. Miti ya mikokoni ni ya aina kadhaa: jani la mkoko wenyewe (Rhizophora mucronata) lina kijiti kidogo ncha yake, la mkandaa (Ceriops tagal) ncha yake ni butu, na la mchu (Avicennia marina), ukiligeuza, chini lina weupe wa kijivu. Picha ya juu peke yake haitakuonyesha hayo.

Kaa ndio watakaokusumbua. Wale wadogo ambao dume ana gando moja kubwa hujitosa mashimoni mara tu wanapohisi kishindo chako, na ukipiga picha hapo hapo utarudi na taarifa kwamba eneo halina kaa. Weka kamera kwenye miguu yake mitatu, iwashwe ijipigie yenyewe, ujitenge mita kadhaa, utulie dakika 15. Wala usiyahesabu mashimo ukadhani umehesabu kaa: shimo moja huweza kuwa na milango miwili, na jingine likawa tupu. Binafsi ninaandika vyote viwili, mashimo na kaa walioonekana, katika safu tofauti.

Kuna na konokono aitwaye Cerithidea decollata, ambaye maji yakikaribia kujaa hupanda shina la mchu kabla hayajafika, kisha hushuka kula maji yakishapwa. Mtu aliyepiga picha za ardhini tu, akachelewa kidogo, ataandika sifuri, ilhali konokono wamejipanga shinani usawa wa kifua chake. Ndiyo maana kila kituo ninakipigia pia picha ya shina lililo karibu, na saa ya picha ninailinganisha na jedwali la maji.

Ukitoka, ifute kamera kwa kitambaa kilicholowanishwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kuirudisha mfukoni, na nakili picha mahali pawili usiku huo huo. Picha iliyotoka na ukungu usiifute: namba yake ikikosekana, atakayehesabu mwakani atadhani fremu hiyo iliachwa kwa makusudi.