Kujiandaa Kujifungua kwa Wakunga Ukiwa Ugenini

Mjamzito anayetaka kujifungua kwa njia ya kawaida mikononi mwa wakunga, akiwa katika nchi isiyo yake, hupewa ushauri mwingi kuhusu mazoezi, pumzi na begi la hospitali, lakini ni mara chache anapoambiwa kwamba sehemu kubwa ya maandalizi hayo ni kujizoeza kusema. Mkunga wa aina hii hakuwekei mitambo mingi. Hukaa nawe, hukutazama, husikiliza mapigo ya moyo ya mtoto kila baada ya muda, na mengine huyajua kwa kukuuliza wewe. Mimi nilikua nikijua kwamba mbele ya mhudumu wa afya mtu hunyamaza asubiri maelekezo. Mkunga wa ugenini aliponiuliza katika miadi ya kwanza ninataka uzazi wa namna gani, nilidhani ananitega.

Kabla ya kufika huko, fahamu kwanza mkunga ana nafasi gani mahali ulipo, kwa sababu tofauti kati ya nchi na nchi ni kubwa. Uholanzi, mama asiye na matatizo huhudumiwa na wakunga tangu mwanzo, na daktari bingwa huingia pale tu inapojitokeza sababu. Ujerumani, sheria inataka mkunga awepo katika kila uzazi hata kama daktari yupo, ila wakunga wa kujitegemea ni adimu kiasi kwamba wanawake huanza kuwatafuta mara tu kipimo kinapoonyesha mimba. Uingereza unaweza kujiandikisha kwa wakunga moja kwa moja bila kupitia kwa daktari, na inashauriwa miadi ya kwanza ifanyike kabla ya wiki ya 10. Marekani, wengi hujifungua kwa madaktari na sheria za ukunga hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Huko ningeiuliza bima kwa maandishi kabla ya kumpenda mkunga yeyote.

Katika miadi hiyo ya kwanza toa historia yako yote, hata ile ambayo kwa kawaida haisemwi mbele ya wageni: mimba zilizoharibika, upasuaji, damu nyingi iliyotoka uzazi uliopita, shinikizo la damu, kisukari, selimundu katika familia. Wakunga wa ugenini hawana faili lako la zamani, na usipowaambia hawatajua. Huenda majibu hayo yakaonyesha kwamba unahitaji daktari pamoja na mkunga, na ikiwa hivyo, ukubali. Uzazi wa kawaida si mashindano.

Suala la lugha ndilo ninalolitilia mkazo zaidi. Hata anayeifahamu vizuri lugha ya nchi anayoishi, uchungu ukikolea huweza kumpotea, akabaki na lugha ya utotoni tu. Kwa hiyo uliza mapema kama kuna mkalimani wa hospitali, ana kwa ana au kwa simu, na usimtwishe mumeo kazi hiyo, kwa kuwa mume mwenye hofu hutafsiri anachotaka kisikike. Pamoja na mkalimani, andika ukurasa mmoja, usizidi, katika lugha ya wakunga wenyewe, ueleze unachotaka na usichotaka, kisha uupitie pamoja nao mnamo wiki ya 34 au 36, wakati bado una utulivu wa kubishana.

Mimi niliujenga ukurasa wangu juu ya mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018, kwa sababu wakunga wa nchi nyingi wanayafahamu na si rahisi mtu kuyaita matakwa ya mgeni asiyeelewa. Humo inaelezwa kwamba uchungu hasa huhesabiwa kuanzia njia inapofunguka sentimita 5, na kwamba si lazima kila mama afunguke sentimita moja kwa kila saa. Kasi ndogo peke yake si sababu ya kuwekewa dripu ya kuongeza uchungu. Mama asiye na hatari aruhusiwe kula, kunywa na kutembea, awe na msindikizaji amtakaye, asiongezewe njia (yaani asikatwe ili mtoto apite) kwa mazoea tu, na kitovu kisikatwe kabla ya dakika moja ikiwa mtoto yu mzima.

Jambo ambalo wapenzi wa uzazi wa kawaida hulikwepa ni kuhamishwa. Utafiti mkubwa uliofanywa England na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kati ya wanawake waliokuwa wanazaa kwa mara ya kwanza na kupanga kuzalia nyumbani, takriban asilimia 45 walihamishiwa hospitali, mara nyingi kwa sababu uchungu ulikuwa unaenda taratibu na si kwa dharura. Basi muulize mkunga wako: nikihamishwa, utafuatana nami? Gari huchukua muda gani? Nani atakuwa na neno la mwisho? Majibu yake uyaandike katika ukurasa uleule.

Msindikizaji naye apangwe mapema. Mama mzazi au dada anayehitaji viza huenda asifike kwa wakati, kwani mtoto wa wiki 37 na wa wiki 41 wote wametimia, hivyo mtafute mtu wa pili aishiye karibu, asome ukurasa wako na ajue kuusemea.

Siku ikifika, piga simu wewe mwenyewe. Mkunga husikiliza pia pumzi yako na jinsi unavyokatiza sentensi uchungu unapokuja, na mama anayejikaza akajibu kwa adabu kwamba hajambo anaweza kuambiwa abaki nyumbani wakati ameshafika mbali. Mwambie uchungu unakuja kila baada ya dakika ngapi na unakaa muda gani. Ukiona damu, au chupa ikapasuka na maji yakawa ya kijani, au mtoto akapunguza kucheza, au kichwa kikauma sana na macho kuona ukungu, usihesabu dakika. Piga saa hiyohiyo, hata kama ulipiga saa moja iliyopita.