Je, mto uliogeuzwa mfereji wa majitaka hufufuka?

SWALI: Shikamoo mzee. Nimesoma kwamba Wajerumani wameusafisha mto Emscher, uliobeba majitaka ya viwanda miaka na miaka. Ni kweli, au ni porojo za wanasiasa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli, ila si kazi ya muhula mmoja wa mbunge.

Emscher unapita Ruhr, eneo la makaa ya mawe na chuma. Migodi iliifanya ardhi ititie, na mabomba ya chini yangepasuka. Basi wakaunyoosha mto, wakausakafia kwa zege, kinyesi cha miji na uchafu wa viwanda vikapita humo waziwazi. Uvundo wake, acha tu.

Ninachowavulia kofia ni mpango wao wa malipo. Tangu 1899 kuna chombo cha umma, Emschergenossenschaft, ambacho wanachama wake ni miji, migodi na viwanda, nao ndio wanaokichangia.

Uchimbaji ulipohama na ardhi kutulia, mwaka 1992 ukarabati ulianza. Walitandaza bomba kuu la kilomita 51, kutoka Dortmund hadi Dinslaken, sehemu nyingine likiwa karibu mita 40 chini. Wanaodhani mto husafishwa kwa kuzoa chupa kingoni wasome hapo mara mbili. Majitaka yaliacha kuingia mtoni mwishoni mwa 2021, baada ya kutumika zaidi ya yuro bilioni 5. Kubomoa zege na kuurudishia mto mikondo yake bado kunaendelea.