Kupuliza laina ya bodi la pikapu mwenyewe: maswali yenu wana Mwanza

Maswali ya pikapu yamejaa sana kwa sasa. Wengi mmeiona ile laina nyeusi, ile rangi nene ya kulinda bati yenye kukwaruza, ndani ya bodi za gari za watu, mnataka kujipulizia wenyewe nyumbani badala ya kumlipa fundi. Inawezekana, na ikikaa vizuri inadumu miaka. Haya hapa niliyoweza kuyajibu.

Fundi, nina Hilux single kebini ya zamani, nabeba sangara na mara nyingine kayabo (samaki wa kukaushwa kwa chumvi) kutoka Igombe kuja mwaloni Kirumba. Sakafu ya bodi imeanza kuliwa na kutu, hasa kwenye mifereji na pale karibu na mlango wa nyuma. Nikipuliza laina juu yake si kutu itaishia hapo hapo? – Msomaji, Ilemela

Haiishii hapo kaka, inaendelea huko chini ambako huioni, na hilo ndo baya zaidi. Laina inashika kile ilichokikuta. Ikikuta kutu inashika kutu, na kutu yenyewe haijashika bati, kwa hiyo baada ya muda unaona sehemu imevimba, ukiikanyaga inabonyea, ukichokonoa na bisibisi inainuka shiti nzima na chini yake ni unga mwekundu mtupu. Hapo hela ya laina imeenda na bati nalo limeenda.

Alafu mzigo wako una shida yake. Maji ya ziwa letu ni maji baridi, sio ya bahari, lakini kayabo ni chumvi, na yale maji yanayochuruzika kutoka kwenye mzigo yanalala kwenye mifereji ya sakafu. Chumvi inavuta unyevu wa hewani hata siku gari imepaki tu, yani bati lako halikauki vizuri hata siku moja. Ongeza mafuta ya sangara ambayo yameshaingia kila kona, na laina haishiki kwenye mafuta hata ungeinunua ya bei gani.

Kwa hiyo anza na kuosha, sio msasa. Wengi wanakimbilia msasa kwanza, matokeo yake wanayasugua mafuta yanaingia ndani ya michubuko na hayatoki tena. Fungua kila kinachofunguka, ndoano za kamba, boliti, mpira, ikiwezekana toa mlango wa nyuma kabisa uweke pembeni. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya kutoa grisi, sugua kwa brashi ngumu, suuza, rudia. Kujua kama mafuta yameisha ni rahisi, mwaga maji safi juu ya bati uangalie: yakikusanyika matone matone mafuta bado yapo, yakitandaa yakalala bapa uko vizuri. Nakuomba usiruke hiki kipimo kwa sababu ndo kinachoamua kama laina itashika.

Ikikauka ndo uchukue grainda yenye brashi ya waya, kwangua kutu mpaka uone bati linang'aa. Chukua bisibisi ugongegonge palipoliwa sana, ikipenya ipeleke gari kwa fundi wa kuchomelea akate aweke bati jipya, laina haizibi tundu. Vile vishimo vidogo ambavyo brashi haifiki weka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, itageuza ile kutu iwe nyeusi, ufuate maelekezo ya chupa kuhusu kusuuza na kukausha. Maungio ya bati yazibe na silanti ya polyurethane ili maji yasipite kwa chini.

Bati likishakuwa wazi lisilale nje usiku mmoja bila praima (rangi ya msingi). Huku kwetu karibu na ziwa unaamka asubuhi unakuta lishapata wekundu. Piga praima ya epoksi siku hiyo hiyo. Sehemu ambazo rangi ya zamani bado imeshika imara huna haja ya kuitoa, ichubue tu na msasa namba 80 au 120 mpaka mng'ao uishe kote, kote kabisa, hata kwenye pembe na chini ya kingo, tumia skochi ya kusugulia pale msasa usipopita. Na praima nayo ikikauka iguse kwa msasa kidogo. Puliza vumbi, futa na thina kwa kitambaa cheupe kisafi, ukiona kitambaa kinatoka cheusi badilisha uendelee. Usifute na petroli, inaacha mafuta.

Naona jibu limekuwa refu kuliko yote, ila ndo kazi yenyewe hii. Kupuliza ni lisaa limoja au mawili, maandalizi yanaweza kula siku mbili.

Nina kompresa ndogo ya kujazia matairi. Inafaa kupulizia, au nitumie rola tu? – Nyakato

Angalia vitu viwili. Presha haisumbui sana, spreigani za laina za chupa zinataka kama PSI 40 mpaka 60 na kompresa ya pancha inafika. Kinachosumbua ni wingi wa hewa, tangi dogo linaisha katikati ya mkono mmoja (tabaka moja la laina), presha inashuka na chembe zinatoka kubwa, upande mmoja unakuwa laini upande mwingine unakuwa na mabonge. Ukiwa nayo hiyo hiyo puliza upande mmoja, simama, iache ijae, ndo uendelee na mwingine, usilazimishe.

Cha pili ni maji. Kompresa inakusanya maji kwenye tangi, yamwage kabla hujaanza na uweke chujio la maji kwenye mpira. Laina nyingi hizi zina hadina (dawa ya kuigandisha) yenye kemikali ya isosayaneti, na isosayaneti ikikutana na maji inatoa gesi, ile gesi inatoboa rangi ikiwa bado mbichi na unabaki na vitundu vidogo vidogo kama vya chapati. Kila kitundu ni njia ya maji kwenda kwenye bati.

Kama kompresa yenyewe ni ya kuazima na hujawahi kushika spreigani, mimi nakushauri rola. Zipo laina za kopo moja ambazo hazichanganywi, zinakauka kwa unyevu wa hewani, unapaka pembe kwa brashi kwanza alafu sakafu na kuta kwa rola ya sponji ngumu. Muonekano hautakuwa wa dukani ila bati litalindwa vizuri tu, na moshi wa rangi hewani unakuwa mdogo sana kuliko wa kupuliza.

Chupa ngapi zinatosha double kebini? – Usagara

Chukua futi kamba upime, usikisie. Bodi ya double kebini nyingi ni kama mita 1.5 kwa mita 1.5 na kina karibu nusu mita, ukijumlisha sakafu, kuta mbili, mbele na mlango unapata kama mita za mraba 5. Single kebini ndefu inafika 7 hivi. Hesabu yake ni nyepesi: lita moja ikitandazwa kwenye mita moja ya mraba inakupa unene wa milimita moja ikiwa mbichi, ikikauka inapungua kwa sababu thina inaondoka. Kwa hiyo seti ya chupa 4, ambazo nyingi unachanganya tatu kwa moja, sehemu tatu laina na moja hadina, zikitoka lita 4 zinakutosha double kebini mikono miwili bila kubana. Single kebini ndefu ongeza.

Changanya chupa moja moja unavyoenda. Ukishamwaga hadina saa imeanza kukimbia, kwenye joto la nyuzi 20 una kama lisaa, kwenye jua la Mwanza mchana una muda mfupi zaidi, na ikishaganda ndani ya chupa hakuna thina ya kuirudisha. Tikisa dakika mbili kamili kabla ya kufunga kwenye spreigani, uzito wote unakuwa umekaa chini.

Msimu gani mzuri kupaka huku kwetu? Mimi napaki nje, sina gereji. – Kirumba

Juni mpaka Agosti. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Disemba unaweza kufanya ila uwe na paa, turubai tu haitoshi maana upepo wa ziwani ukija na mvua unaingia kwa pembeni.

Hata kiangazi usianze alfajiri. Bati linalala na umande, kwa macho linaweza kuonekana kavu wakati lina unyevu, kanuni ya mafundi ni bati liwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yani joto ambalo umande unaanza kutokea. Kama huna kipimo anza saa nne asubuhi jua likishachoma kidogo, weka gari kivulini, na umalize mkono wa mwisho kabla ya saa tisa ili ipate kukaza kabla jioni haijaleta unyevu tena. Bati ambalo limekaa juani mpaka huwezi kuweka kiganja nalo usipulizie, laina inakauka juu kabla haijashika chini.

Na kitu ambacho maelekezo ya chupa za kutoka nje hayakuambii: wale wadudu wadogo wa ziwani. Wewe wa Kirumba unawajua, siku wakitoka wanajaa kila penye taa. Ukipuliza jioni ukawasha balbu uone vizuri, watatua kwenye laina mbichi kwa maelfu na hawatoki, utaikuta asubuhi ina manyoya. Kazi iishe mchana na usiache taa imewaka karibu na gari usiku ule wa kwanza.

Habari fundi. Mume wangu anataka kufanya hiyo kazi hapa uani, tuna watoto wawili na yeye mwenyewe ana pumu. Anasema atavaa barakoa. Ni salama? – Mama, Igoma

Dada, mwambie asipulize. Nalisema hivyo moja kwa moja kwa sababu ya pumu. Ile isosayaneti niliyoitaja juu ikiwa hewani kama ukungu inashambulia mapafu, inaweza kumletea pumu mtu ambaye hakuwa nayo, na mwili ukishaizoea vibaya hata kiasi kidogo sana siku nyingine kinamfunga pumzi. Mwenye pumu tayari hana sababu ya kujaribu. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii mvuke huo kabisa. Mafundi wanaofanya kazi hii kila siku wanatakiwa kuvaa kofia yenye mpira unaoleta hewa safi kutoka nje, na anayepuliza mara moja moja angalau barakoa ya mpira yenye katriji za mvuke wa kemikali na chujio la chembe, katriji mpya, miwani inayofunga, glavu, mikono mirefu.

Apeleke kwa fundi mwenye vifaa, yeye afanye kuosha na msasa kupunguza gharama, na hata kwenye msasa avae barakoa ya vumbi nzuri. Siku ya kuchukua gari aliache madirisha wazi na asilale karibu nalo.

Kwa wengine mnaopuliza uani: watoto na kuku wahame siku hiyo, jiko la mkaa lizimwe kwa sababu mvuke wa thina unashika moto, nguo za jirani ziondolewe kwenye kamba, na thina ya kuoshea vifaa msiimwage kwenye mtaro. Mitaro yetu mingi inaingia Mirongo, na Mirongo inaingia ziwani.

Kuna mtu ananiambia niachane na laina, nipake andasili ya lami, ni bei rahisi na inazuia kutu vile vile. – Misungwi

Andasili ya lami ni ya chini ya gari, kule haikanyagwi na haipigwi jua. Ukiipaka ndani ya bodi ikipata jua la mchana inalainika, inashika viatu, inashika magunia, na mzigo ukiburuzwa inatoka nao. Hapana.

Bodi langu lina ile plastiki ngumu ya kiwandani ndani. Naweza kupuliza laina juu ya hiyo plastiki? – Sengerema

Haishiki, itabanduka vipande vipande. Itoe hiyo plastiki leo hata kama hupulizi chochote, maana inacheza cheza na mchanga uliojificha chini yake unakwangua rangi, na maji yakiingia hayana pa kutokea. Ukikuta kutu rudi kwenye jibu la kwanza.

Nimeshapuliza juzi, imetoka vizuri. Lini naruhusiwa kupakia? Na ikija kuchubuka? – Buhongwa

Hongera. Ukigusa kesho yake utaona imekauka ila ndani bado haijakaza. Mizigo myepesi subiri siku mbili tatu, mizigo ya kuburuza kama matofali, nondo na kreti za soda ipe wiki nzima. Na usiioshe kwa presha ya maji wiki hiyo.

Wanaobeba samaki, laina haikutengenezwa kwa chakula kulazwa juu yake, samaki wakae kwenye boksi lao na barafu yao. Kila ukimaliza safari mwaga maji mengi, fungua mlango wa nyuma, paki gari ikiangalia mlimani kidogo ili maji yatoke. Hakikisha matundu ya kutolea maji hukuyaziba na laina wakati wa kupuliza, kama uliziba yazibue leo kwa msumari kabla haijakaza sana, alafu kingo zake uzipake kidogo kwa brashi.

Pakichubuka mpaka bati likaonekana usisubiri. Kata kingo zilizonyanyuka kwa wembe mkali, msasa, praima, paka tena kwa brashi ukivuka kidogo juu ya laina ya zamani ambayo nayo umeichubua. Hifadhi kopo dogo la laina kwa ajili hiyo, ila lile la hadina likishafunguliwa halikai, linavuta unyevu na kuganda, kwa hiyo nunua dogo dogo pale unapohitaji.