Usifute vumbi kavu: mikwaruzo midogo ya rangi ya gari, inavyokuja na inavyotoka

Ile mikwaruzo myembamba inayoonekana kama utando wa buibui jua likipiga boneti, mara nyingi huletwa na tambara. Kiangazi cha Dodoma vumbi hutua kwenye gari kila siku, na ndani yake mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko kliya, lile tabaka la juu linaloipa rangi mng'ao. Anayefuta gari asubuhi kwa kitambaa kikavu analipiga msasa.

Kama huna maji, futa vioo tu, mengine yaache. Ukipata maji, mwagia gari kuanzia paa kushuka chini bila kuligusa, mpaka yanayochuruzika yawe safi. Ndipo uoshe kwa ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na nyingine ya kusuuzia kitambaa kila unapohama kutoka mlango mmoja kwenda mwingine. Rimu na sehemu za chini zije mwisho, kwa kitambaa chake. Sponji iliyoanguka chini isirudi kwenye gari, hata kama kijana anayeosha ana haraka. Osha kivulini: maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, yakikaukia juani huacha madoa meupe, na kuyasugua madoa hayo huleta mikwaruzo mipya.

Kabla ya kuondoa mkwaruzo, pitisha ukucha juu yake. Ukinasa, mpelekee fundi rangi. Usiponasa, polishi inatosha, lakini ujue inafanyaje kazi: inakula kliya iliyouzunguka mpaka pawe sawa. Kliya ya kiwandani huwa na unene wa mikroni 40 hivi, mwembamba kuliko unywele, na ikiliwa hairudi. Kwa hiyo anza na polishi laini na pedi laini, kwenye eneo la sentimita 40 kwa 40. Matone manne ya ukubwa wa choroko yanatosha. Pitisha mara nne hadi sita, wima kisha mlalo, futa, umulike kwa tochi. Mikwaruzo ikibaki, hapo ndipo ujaribu kompaundi, yaani polishi kali zaidi.

Hatari kubwa ni mashine ya kupolishi ya mzunguko mmoja, ile iliyozoeleka gereji, ambayo pedi yake huzunguka papo hapo tu. Ikisimama sehemu moja hupandisha joto na kuchoma rangi, hasa kwenye kingo na bampa za plastiki. Bandika tepu ya karatasi kwenye kingo zote, na mashine isitulie. Kabla ya kumlipa fundi, omba sehemu moja ifutwe kwa spiriti iliyochanganywa na maji, kwa sababu polishi nyingine zina mafuta yanayojaza mikwaruzo, nayo hurudi baada ya kuosha mara mbili tatu. Dawa ya meno, wanayoipaka wengine badala ya polishi, nayo ni kama mchanga laini tu; iache.

Maliza kwa nta, uirudie kila miezi miwili au mitatu. Turubai nalo lifunike gari safi pekee, maana upepo ukilipeperusha juu ya vumbi, linakwaruza usiku kucha.