Je, kadi ya gemu ni chombo cha sayansi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu wa kidato cha tatu amemaliza likizo nzima katika kibanda cha gemu hapa Sakina, na sasa anamwomba baba yake kompyuta yenye kadi ya grafiki. Tulipokataa alituambia kwamba kadi hiyohiyo inayochora wachezaji wa mpira ndiyo wanayoitumia wanasayansi. Je, ni kweli, au anatafuta njia ya kuendelea kucheza?
Mama wa watoto watatu, Arusha

JIBU: Mama, kuhusu kadi yenyewe kijana wako amesema kweli, na ningependa uelewe sababu yake kabla hamjaamua lolote.

Ukikisogelea kioo cha kibanda kile hadi pua ikaribie kukigusa, utaona kwamba uwanja, jezi na mpira vyote ni nukta ndogo za rangi. Kioo cha kawaida kina mistari 1,080 yenye nukta 1,920 kila mmoja, yaani zaidi ya nukta milioni mbili, na gemu ikienda vizuri zote huchorwa upya mara 60 kwa sekunde. Hesabu ya kila nukta ni fupi, wala haina haja ya kusubiri ya jirani yake. Bila shaka umewaona akina mama wakichambua maharage: kila mmoja ana ungo wake, hamgojei mwenzake, na gunia huisha mapema kuliko kama angeachiwa mtu mmoja, hata awe hodari namna gani. Prosesa kuu ya kompyuta ni yule hodari mmoja. Kadi ya grafiki ni ua mzima wa wachambuaji.

Hesabu nyingi za sayansi zina umbo hilohilo, lakini zamani mtafiti aliyetaka kuitumia kadi alilazimika kuzivika hesabu zake sura ya picha. Mwaka 2007 kampuni ya NVIDIA, ambayo wateja wake wakubwa walikuwa wapenzi wa gemu, ilitoa CUDA, programu iliyoondoa usumbufu huo. Mwaka 2012 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Toronto walishinda shindano la kutambua picha kwa programu waliyoifundisha, yaani waliyoionyesha picha nyingi hadi ikajua kuzitofautisha, kwa siku tano au sita, wakitumia kadi mbili tu za gemu za aina ya GTX 580, ambazo mtu yeyote aliweza kuzinunua dukani.

Matunda ya njia hiyo yamefika hadi kwetu. Kuanzia mwaka 2010 watafiti walifunga kamera 225 katika Hifadhi ya Serengeti, kamera zinazojifyatua zenyewe mnyama anapopita, na picha zikawa nyingi kiasi kwamba maelfu ya watu walijitolea kuzitazama moja moja kupitia intaneti. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya kompyuta iliyofundishwa kwa picha milioni 3.2 za kamera hizo, ikabainika kwamba sehemu kubwa sana ya kazi ile inaweza kufanywa na mashine kwa usahihi uleule wa waliojitolea. Mkulima wa muhogo naye ana programu ya simu iitwayo Nuru, ambayo humtambulia magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia kwenye jani, hata pasipo intaneti.

Hata hivyo, anayecheza mpira kwenye kioo hafanyi sayansi kwa sababu tu kadi yake inaweza kuifanya, na hapo nasimama upande wako. Mpeni kwanza kazi ya kuthibitisha nia yake. Lugha ya kompyuta iitwayo Python hupatikana bure, na picha za Serengeti zimewekwa wazi kwa umma. Achukue picha moja ya pundamilia au tembo, aandike programu fupi inayopitia nukta zake zote, moja baada ya nyingine, na kuigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, kisha awaeleze wewe na baba yake kila mstari wa programu hiyo unafanya nini. Kwa kazi hiyo kompyuta yoyote ya kuazima inatosha, bila kadi ya grafiki.