Neno "Gift" na Kahawa Yangu Iliyokataliwa

Wiki iliyopita binti mmoja wa Arusha ameniandikia: "Dada, nimeanza Kijerumani. Maneno mengi naona yanafanana na Kiingereza, kwa hiyo kiwango cha lugha cha B2 sitachelewa kukifikia." Nilianza na imani hiyohiyo.

Mwaka wangu wa kwanza Ujerumani nilifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Krismasi ilipokaribia nikamletea mkuu wetu wa zamu pakiti ya kahawa ya Kilimanjaro. Niliifunga kwa kipande cha kanga, juu yake nikabandika karatasi na kuandika kwa kalamu nene: GIFT. Siku ya tatu niliikuta kabatini jikoni, fundo halijaguswa, imesukumwa nyuma ya sukari. Wenzangu walinicheka mpaka Pasaka, na hakuna aliyeniambia kwa nini. Kamusi ndiyo iliyoniambia: Gift ni sumu. Zawadi ni Geschenk. Kosa nilishalisahau. Kule kunyamaziwa bado kunaniuma.

Basi nikalifukua neno lenyewe. Shina lake ni kutoa: geben kwa Kijerumani, give kwa Kiingereza. Zamani hata kwa Wajerumani gift ilikuwa kitu unachopewa, na hadi leo Mitgift ni mali anayopewa bibi harusi kwao. Sumu iliingia kupitia dawa. Wagiriki waliita kipimo cha dawa dosis, yaani kutoa. Wajerumani wakaitafsiri kwa neno lao, na taratibu likabaki kwenye kile kinachoua. Dosis hiyohiyo ndiyo asili ya dozi yetu, ile unayoambiwa uimalize ukiugua malaria! Waholanzi wao gift yao imebaki zawadi, sumu wanaita gif au vergif. Kwa Waswidi, gift kwenye fomu ni mtu aliyeoa au kuolewa, maana binti alikuwa akitolewa na wazazi. Na sumu nayo huitwa gift vilevile.

Kwa hiyo, mdogo wangu, neno likifanana na unalolijua, lishuku kwanza. Lisome ndani ya sentensi, utafute shina lake na ndugu zake. Narudia: lishuku. Na ukishajua, usimcheke mgeni anayekuja nyuma yako. Mwambie siku hiyohiyo.

Desemba iliyopita mfanyakazi mpya kutoka Ufilipino alifika zamu na boksi la biskuti, neno lile limeandikwa juu kwa wino mwekundu. Nilimvuta pembeni kabla wengine hawajaingia, nikampa karatasi na kalamu.